Yaliyofungwa Kandy

Redio ndiyo iliyomfichua Ramlo.

Ilikuwa Januari ya mwaka tisini na nane, kumi la mwisho la Ramadhani, na Garissa ilikuwa imegeuka kisiwa. Mvua za El Nino zilikuwa zimeimeza barabara ya Nairobi tangu mwaka uliopita. Ukisimama kwenye daraja la Tana ukatazama ng'ambo, uliona maji na vichwa vya miti, basi. Barabara ya Wajir nayo ilikuwa tope la kuzamisha lori. Unga na mafuta vililetwa kwa ndege. Ng'ombe na mbuzi walikuwa wakifa malishoni, na ugonjwa wao ulikuwa umeanza kuwafuata wenye mifugo hadi hospitalini, alikofanya kazi Ramlo. Aliyekuwa ndani ya mji alibaki ndani, na aliyekuwa nje alibaki nje.

Nyumbani kwa Mzee Abdille, mtaa wa Iftin, futari ilikuwa inakaribia. Mama yake Ramlo, Bi Maka, alikuwa uani akikaanga sambusa. Ramlo alikuwa akipanga tende na vikombe vya maziwa kwenye sinia. Mzee Abdille alikuwa kwenye mkeka wake barazani, redio imegusa sikio, akisikiliza habari za Kisomali kutoka London kama alivyofanya kila jioni.

Mtangazaji alimaliza habari za Mogadishu. Kisha akataja Kandy.

Ramlo alidhani amesikia vibaya. Akasimama na sinia mikononi. Lori lililobeba mabomu, mtangazaji alisema, lilikuwa limelipuka asubuhi hiyo kwenye lango la hekalu kuu la Mabudha katika mji wa Kandy, Sri Lanka. Watu wamekufa na wengine wengi kujeruhiwa. Majengo ya jirani yamebomoka. Kisha akaendelea na habari za bei ya mafuta.

“Si ndiko huko ulikosomea?” Mzee Abdille aliuliza, akiangalia redio na si binti yake. “Mungu alikupenda. Ulirudi mapema.”

Sinia lilikuwa limemtoka Ramlo mikononi, maziwa yakitiririka kwenye saruji kuelekea mkeka wa baba yake, na yeye alikuwa amechutama katikati ya vikombe akiwa ameshika kichwa. Alikuwa akisema neno moja, taratibu, tena na tena. Bi Maka alikuja mbio kutoka uani, mwiko mkononi, akainama kulisikiliza.

“Galgallo ni nani?” Bi Maka aliuliza.

Redio ilizimwa. Kwa kweli Ramlo angeweza kudanganya hata hapo. Angesema ni mwanafunzi mwenzake, ni mtu waliyefahamiana tu, na mama yake angemwonea huruma, na mambo yangekwenda kama yalivyopangwa. Alikuwa amedanganya kwa kunyamaza tangu Oktoba. Lakini jioni ile hakuwa na nguvu ya kubeba uongo na hofu kwa pamoja.

“Ni tabibu,” alisema. “Mtu wa Buna. Tulikuwa naye kwenye kozi. Bado yuko huko.”

“Buna,” Mzee Abdille alirudia. “Na Galgallo ni jina la Kiborana.”

“Ndiyo, aabo.”

“Na unamlilia hivyo kwa nini?”

Ramlo aliinua uso. “Kwa sababu ni mume wangu.”

Wakati huohuo adhana ya magharibi ilisikika. Mzee Abdille aliichukua tende moja iliyobaki kwenye sinia, akafungua saumu kwa tende na maji, kisha akainuka akaenda msikitini bila kumtazama mtu. Ramlo aliendelea kuchutama. Alijua baba yake akirudi ndipo mambo yatakapoanza.

*

Mwaka uliopita, mwezi wa Julai, Ramlo alikuwa amechaguliwa kwenda Sri Lanka kujifunza kuwalisha na kuwauguza watoto waliodhoofika kwa njaa. Mzee Abdille alikataa. Mkubwa wa hospitali alikuja mwenyewe nyumbani kumwomba, na mwishowe Mzee alikubali kwa sharti kwamba Ramlo aende na Hawo, muuguzi mjane aliyemzidi umri sana, mtu wa ukoo wao, ambaye Mzee alimwamini kama dada yake. Mtu wa tatu katika safari ile alikuwa Galgallo, tabibu kutoka upande wa Wajir. Yeye kozi yake ilikuwa ndefu zaidi, hadi Machi. Mzee Abdille hakuambiwa habari za mtu wa tatu, na hakuuliza.

Kandy ni mji uliokalia vilima. Katikati yake kuna ziwa dogo lililozungushiwa ukuta mweupe mfupi, na kando ya ziwa ndipo lilipo hekalu, ambamo Mabudha wanasema limehifadhiwa jino la Budha mwenyewe, ndani ya visanduku vya dhahabu ambavyo havifunguliwi ovyo. Watu hutoka mbali kulizuru. Ramlo, aliyekulia kwenye vumbi na joto, alifika akakuta ukungu asubuhi, mvua mchana, na ngoma za hekaluni jioni. Mwezi wa Agosti aliona maandamano ya tembo waliovishwa nguo na taa, wakitembea barabarani kwa madaha kama maharusi, na watu wamekaa kando tangu mchana wakiwangoja.

Alipoenda mara ya kwanza kulitazama hekalu, alisimama langoni akaogopa. Hawo alimwambia, “Kutazama si kuabudu. Vua viatu, twende.” Walipita katikati ya watu waliovaa nyeupe tupu, kila mmoja na maua mikononi. Hakuna aliyewasukuma wala kuwauliza wanatafuta nini. Mbele yao bibi mmoja mkongwe alikuwa amemshika mumewe kiwiko, wakipanda ngazi polepole, na bwana yule alikuwa akimngoja kila ngazi kana kwamba hawakuwa na pengine pa kwenda maisha yao yote. Ramlo aliwatazama mpaka wakapotea ndani. Alipogeuka, alimkuta Galgallo naye akiwatazama.

“Umeona?” Galgallo alimuuliza.

“Nimeona.”

Kuanzia siku ile, wakitoka wodini walizunguka ziwa pamoja, Hawo akiwa nyuma yao akilalamika magoti. Galgallo alikuwa mrefu, mpole, mwenye kucheka kwa macho kabla ya mdomo. Jioni moja waliketi kwenye ule ukuta mweupe, akamwambia:

“Unajua watu wa hapa wananiitaje? Mwafrika. Na wewe wanakuita hivyohivyo. Mimi na wewe, Ramlo, hapa ni kabila moja.”

“Na tukirudi?”

“Tukirudi, mimi ni mtu wa watu waliomuua baba yako mdogo.”

Kwa hiyo alikuwa anajua. Alio, mdogo wake Mzee Abdille, alikufa kwenye ugomvi wa kisima huko Buna kabla Ramlo hajazaliwa, na nyumbani kwao jina la Waborana halikutajwa bila kutanguliwa na jina la Alio. Ramlo alilia pale ukutani. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita na alikuwa amekataa wachumba mpaka mama yake akaanza kumwombea dua, na sasa moyo wake ulikuwa umeenda kuangukia mahali ambapo haungeokotwa.

Ni Galgallo aliyetaja nikaha. Kandy ina Waislamu, na karibu na soko kuna kadhi mzee. Walimwendea. Kadhi aliwauliza baba yuko wapi, ni umbali gani, kwa nini hatakubali. Aliwarudisha. Walikwenda tena, akawarudisha. Waliporudi kwa mara nyingine akamwambia Ramlo, “Binti, mimi naweza kukuozesha kwa sababu baba yako yuko mbali na sababu yake ni kabila tu. Lakini siwezi kuandamana nawe hadi nyumbani. Hilo umelifikiria?” Ramlo alisema amelifikiria. Hakuwa amelifikiria. Nani hufikiria hayo akiwa na furaha? Walioana mbele ya Waislamu wawili wa sokoni na Hawo akiwa ameketi kando, uso ameuinamisha, akilia na kutabasamu.

Walikaa mume na mke wiki chache tu. Oktoba Ramlo na Hawo walirudi, kwa mojawapo ya mabasi ya mwisho kuvuka kabla ya barabara kukatika. Makubaliano yalikuwa kwamba Galgallo akimaliza Machi atawachukua wazee wake, aje Garissa, aombe msamaha na kuomba mke. Ramlo alitakiwa kungoja tu.

Halafu, mwanzoni mwa Ramadhani, Mzee Hirsi, aliyefanya biashara ya mifugo na Mzee Abdille tangu ujana wao, akaja kumposea mwanawe Jelle. Mzee Abdille akakubali papo hapo. Harusi iliwekwa baada ya Idi. Barabara zimefungwa, simu za posta zimekufa, barua haziendi. Kila asubuhi Ramlo aliamka akisema leo nitasema, na kila jioni alilala hajasema.

*

Mzee Abdille alirudi kutoka msikitini na Hawo. Alikuwa amepita kwake akamchukua.

“Keti hapo,” alimwambia. “Mimi nilikukabidhi binti yangu. Nataka kusikia kutoka kwako.”

Hawo hakuzunguka. Alimwambia yote: kadhi, mashahidi, mahari ambayo Galgallo alilipa, nyumba ndogo ya wageni kilimani. Mzee Abdille alisikiliza akiwa ameinamia tasbihi yake. Vijana wa kwetu wanaokataliwa na wazazi hukimbilia mji wa pili wakaozeshwa na shehe huko, hilo kila mtu analijua. Binti yake alikuwa amevuka bahari.

“Hukumzuia,” alisema.

“Nilimzuia. Nilipoona sitaweza, nikaona afadhali nikae karibu, lifanyike kwa halali.”

“Afadhali.” Aliligeuza lile neno mdomoni. “Kumbe kuna afadhali katika hili.” Akamgeukia Ramlo. “Nilipokuita nikakuambia Jelle anakuchumbia, ulisema nini?”

“Sikusema kitu, aabo.”

“Ulinyamaza. Na msichana akinyamaza, baba anaelewaje?”

“Kwamba amekubali.”

“Nikaenda nikampa mtu neno langu kwa kimya chako. Ungefika siku ya harusi ukiwa mke wa mtu, ukae kimya vilevile?”

“Sijui,” Ramlo alisema, na ndiyo ilikuwa kweli, na kweli hiyo ilimtisha kuliko hasira ya baba yake. “Kila siku nilitaka kusema. Nilikuwa nikikutazama unavyofurahi, nashindwa.”

“Usinitie mimi katika hilo.”

Bi Maka, aliyekuwa amekaa mlangoni, alisema kwa sauti ya chini, “Huyo mtu huenda amekufa, Abdille. Hatujui.”

“Kama amekufa,” Mzee Abdille alisema, “atakaa eda yake, kisha Jelle akikubali kungoja, mambo yatajirekebisha yenyewe. Hakuna atakayejua.”

Ramlo alihisi ukuta wa ile nyumba umemsogelea. Galgallo akiwa hai, yeye alikuwa binti aliyemvunja baba yake. Galgallo akiwa amekufa, yeye alikuwa mke wa Jelle. Milango yote miwili ilikuwa imefungwa kwa nje.

“Ni mwezi mtukufu,” Bi Maka alisema. Alikuwa mwanamke asiyempinga mumewe mbele ya watu, lakini sasa alisimama. “Umetoka kuswali sasa hivi. Usikae hapa ukamtarajia mtoto wa mwanamke mwenzangu kifo. Mimi sitakaa nikusikilize.”

Alimshika Ramlo mkono akampeleka chumbani. Mzee Abdille akatoa amri kwamba mlango ufungwe, na Bi Maka ndiye aliyelazimika kusukuma komeo, huku akimwambia binti yake kupitia mbao, “Kula, mwanangu. Nimekuwekea sambusa hapo. Kula hata moja.”

*

Asubuhi Mzee Abdille alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa amevaa kanzu safi na koti lake la sokoni.

“Nimemuuliza shehe bila kutaja jina,” alisema. “Ameniambia kama kadhi alikuwepo na mashahidi walikuwepo, ndoa haivunjwi na hasira ya baba. Kwa hiyo nataka nijue yuko hai au la. Na nataka nisikie kwa mdomo wake. Vaa.”

“Twende wapi, aabo? Simu za posta hazifanyi kazi.”

“Unajua ni nani mwenye simu mji huu.”

Ramlo alijua. Simu ya setilaiti, ile ya kuzungumza na Dubai na Mogadishu, ilikuwa kwenye duka la vitambaa la Jelle.

Walimpitia Hawo kwake, wakatembea, Mzee mbele, wanawake wawili nyuma, wakiruka madimbwi. Jelle alikuwa nyuma ya kaunta akimpimia mteja kitambaa. Alikuwa mtu mnene kidogo, ndevu amezipunguza vizuri, asiye na haraka ya kusema. Alipowaona alitabasamu, kisha akaona nyuso zao. Alimaliza kukata kile kitambaa, akamuaga mteja, akafunga mlango wa duka.

Mzee Abdille alifungua mdomo, ukamshinda. Hakuwa amewahi kuvunja ahadi maishani na hakujua inavunjwaje. Ramlo alimwona akihangaika, akasema yeye.

“Jelle, naomba nipige simu Kandy. Mji niliosomea. Jana kumelipuka bomu na kuna mtu nataka kujua kama yu hai.”

“Mtu gani?”

“Mume wangu.”

Jelle alimtazama Mzee Abdille, ambaye alitazama sakafu. Alianza kukunja kitambaa kilichobaki, akakunja vibaya, akakunjua.

“Ulikuwa umeshaolewa baba yangu alipokuja kwenu?”

“Ndiyo.”

“Na mimi nilipokuja na dada zangu kuwasalimu, mkatupikia, ukatuletea chai?”

“Ndiyo.”

“Umenifanya mjinga mbele ya mji mzima, Ramlo.”

“Nimekufanya. Sina la kujitetea.”

“Ungeniambia hata mimi. Ningekataa mwenyewe, ningesema sikutaki. Mwanamume akikataa hakuna anayemuuliza sana.” Alisema hivyo bila kupaza sauti, na Ramlo akaona kuwa ni kweli, kwamba mlango mmoja ulikuwa wazi muda wote ule na hakuwahi kuusukuma kwa sababu hakudhani mtu wa nyuma yake ni mwema. “Namba ni ipi?”

Ramlo alikuwa anaijua kwa moyo. Jelle aliitoa ile simu kwenye mkoba wake mweusi, akaifungua uani penye anga wazi, akageuza kifuniko chake huku na huku mpaka ikashika. Akabonyeza namba, akampa Ramlo.

Bwana wa hosteli alikoishi Galgallo ndiye aliyepokea. Ramlo alizungumza naye Kiingereza, haraka, kisha akaishusha simu.

“Anasema vioo vyote vya hosteli vimevunjika. Anasema Galgallo alitoka jana alfajiri na hajarudi.”

Hawo alisema innalillahi kwa kunong'ona. Mzee Abdille alikaa kwenye gunia. Kama alikuwa amelitarajia neno hili usiku, sasa limekuja na halikumfurahisha, na uso wake ulionyesha.

Jelle ndiye aliyesema. “Hajarudi si kwamba amekufa. Huyo mtu kazi yake nini?”

“Ni tabibu.”

“Basi mji umelipuka, majeruhi wamejaa. Tabibu anakwenda kulala hosteli? Una namba ya hospitali?”

Ramlo alikuwa nayo, ya wodi ya watoto. Alikosea kubonyeza mpaka Jelle akaichukua simu akabonyeza yeye. Mara ya kwanza haikushika. Mara ya pili ikashika, akamrudishia Ramlo, na akapokea muuguzi mmoja aliyefanya naye kazi. Ndiyo, alisema, tangu jana yuko hapa, anashona watu, hajala, ngoja nimwite. Ramlo alisimama pale uani na simu sikioni akisikiliza mvumo wa mbali, milango ikifungwa, mtu akikohoa, dunia nzima ikichelewa. Kisha akasikia hatua anazozijua.

“Nipe,” Mzee Abdille alisema. Alikuwa amesimama karibu yake, mkono ameunyoosha.

“Aabo, tafadhali. Neno moja tu.”

“Nipe.”

Alimpa.

Mzee Abdille aliacha Kisomali. Alichukua Kiswahili chake cha sokoni, kile alichozungumza na watu wasio wake.

“Nani anaongea?”

Sauti ilitoka kwenye simu, nyembamba lakini ikisikika na wote katika uani ule. “Ni Galgallo. Nani mwenzangu?”

“Mimi Abdille. Baba ya Ramlo.”

Mvumo tu. Halafu Galgallo akasema kwa Kisomali kizuri, kile cha Wajir, “Assalaamu alaykum, aabo.”

“Waalaykum salaam. Mimi si aabo yako. Ongea Kiswahili. Wewe iko mzima?”

“Niko mzima, mzee. Mkono tu ulikatwa na vioo.”

“Haya. Mimi nauliza neno moja. Msichana yangu anasema wewe bwana yake. Sikiliza kwanza. Hapa iko kijana mwingine, kijana mzuri, mimi nampa ahadi. Kama wewe nasema hapana, mambo nakwisha leo. Hakuna mtu atatafuta wewe, hakuna mtu atauliza. Sasa sema. Kweli ama uongo?”

Ramlo alifumba macho. Baba yake alikuwa amemfungulia Galgallo mlango wa kutokea, mpana, bila aibu wala hatari, na yeye hakuweza hata kumwita.

“Ni kweli, mzee. Ni mke wangu. Nitasema hivyo leo na nitasema hivyo nikiwa mbele yako.”

“Wewe najua ndugu yangu Alio amelala wapi?”

“Najua. Kwetu, Buna. Nimeliona kaburi.”

“Na ukaoa.”

“Nikaoa. Sina jibu la hilo, mzee. Sikumuua, na siwezi kumrudisha. Ningeweza ningemrudisha.”

Mzee Abdille aliishusha simu kidogo kutoka sikioni, akaishika kifuani, akitazama bati la duka. Jelle alikuwa amewapa mgongo. Kisha Mzee akairudisha.

“Nakuja lini?”

“Machi ndiyo ningekuja. Lakini sasa masomo yamesimama, nikipata tiketi nitakuja. Nasikia barabara imefungwa.”

“Barabara imefungwa,” Mzee Abdille alisema. “Ndege nafika.”

Aliigandamiza simu sikioni.

“Kuja na wazee yako,” Mzee aliendelea. “Kuja mchana, watu waone. Mimi sijasema ndiyo. Mimi nasema kuja.”

“Nitakuja. Mzee, Ramlo yupo hapo?”

“Yuko. Hataongea.”

“Mwambie basi…”

“Amesikia,” Mzee Abdille alisema, akampa Jelle simu.

Jelle aliikunja, akairudisha kwenye mkoba wake. Mzee Abdille alimwendea akasimama mbele yake kama mtu anayengoja hukumu.

“Nimekuvunjia neno, mwanangu. Nitakwenda kwa baba yako mwenyewe.”

“Nenda baada ya futari,” Jelle alisema. “Akiwa na njaa hasikilizi.” Alimfungulia Ramlo mlango, na alipokuwa anapita alisema, akitazama nje, “Siku chache usipite njia hii.”

Walirudi kwa njia ileile yenye madimbwi. Njiani Mzee Abdille alitoa sheria zake bila kugeuka. Kazini Ramlo ataenda na Hawo na kurudi na Hawo. Sokoni hapana, kwa marafiki hapana, na akifika nyumbani mlango utafungwa, mpaka huyo mtu asimame barazani kwake na wazee wake. Na asipokuja, basi mlango utabaki hivyohivyo. Ramlo aliitika kila moja. Juu yao ndege ya unga ilikuwa ikishuka kuelekea uwanjani, na watu wachache waliinua vichwa kuitazama.

“Aabo,” Ramlo alisema.

“Nini?”

“Alisema ameumia mkono. Ni upi?”

Mzee Abdille aliendelea kutembea. Alifika karibu na lango la nyumba kabla ya kujibu, na sauti yake ilikuwa imechoka, ya mtu aliyefunga na kutembea juani.

“Sikumuuliza,” alisema. “Akija utauona.”